Mlima Elgon Darasani: Picha, Filamu na Chati katika Shule za Kimilili na Kitale

Matumizi ya filamu za wanyamapori na michoro ya takwimu darasani huzungumziwa nchini Kenya kana kwamba yalizaliwa pamoja na tableti zilizogawiwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, ilhali katika eneo linaloanzia Kimilili, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Elgon, hadi Kitale iliyo mashariki ya mlima huo, mizizi ya jambo hili ina umri wa karibu miaka 100. Filamu ya makala, yaani ile inayoonyesha mambo halisi badala ya hadithi ya kubuni, na infografiki, yaani mchoro unaounganisha picha, tarakimu na maneno machache ili habari ieleweke kwa kutazamwa, ni vifaa vinavyosifiwa kwa sababu huwezesha somo mtambuka, lile ambalo mada moja, kama vile maji, chumvi au mmomonyoko wa udongo, hubebwa na masomo kadhaa kwa pamoja. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba picha haikuyaunganisha masomo kwa nguvu zake yenyewe hata siku moja. Iliyaunganisha pale tu ilipofungamanishwa na kitu ambacho mwanafunzi aliweza kukifikia, kukigusa na kukihoji, na pale mwalimu wa hapo alipokuwa na sauti katika kuichagua na kuieleza.

Wazo la kuyafunga masomo kwenye mazingira ya mtoto liliingia katika sera ya elimu ya Kenya ya kikoloni kupitia Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 na kupendekeza kwamba shule za Waafrika zijengwe juu ya kilimo, afya, kazi za mikono na maisha ya kijijini. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, Jeanes School ilifunguliwa Kabete ili kuwafunza walimu wasimamizi ambao wangezunguka katika shule ndogo za vijijini wakionyesha jinsi hesabu inavyoweza kufundishwa shambani na elimu ya afya inavyoweza kuanzia kwenye choo na kisima. Kwa mtazamo wa ualimu peke yake, huo ulikuwa mpango wenye hekima, na mengi yanayosifiwa leo kama mageuzi yalikuwa tayari yameelezwa Kabete. Hata hivyo, wazazi wengi Waafrika, wakiwemo wale wa wilaya ya North Kavirondo, ambayo Kimilili ilikuwa sehemu yake, waliutazama kwa mashaka, kwa kuwa waliona wazi kwamba watoto wa walowezi waliokuwa ng'ambo ya pili, katika mashamba ya Trans Nzoia yanayouzunguka mji wa Kitale, hawakuwa wakifundishwa kuchimba mashimo ya mbolea badala ya kusoma Kiingereza na hesabu za juu. Mashaka hayo yalikuwa na msingi, kwani elimu ya mazingira ilipotolewa kwa rangi moja na kunyimwa nyingine iligeuka kuwa ukuta, na kiu ya masomo ya vitabu iliendelea kukua hadi miaka ya mwisho ya ukoloni, ambapo Friends School Kamusinga, iliyoanzishwa na Wakwekeri mwaka 1957 karibu na mji wa Kimilili, ikawa mojawapo ya shule za sekondari zilizotamaniwa zaidi magharibi mwa nchi.

Filamu yenyewe ilifika Afrika Mashariki ikiwa imebeba mzigo huohuo. Kabla yake wamisionari walikuwa wametumia taa ya picha, chombo kilichopitisha mwanga katika vipande vya kioo vilivyochorwa na kutupa taswira tuli ukutani, lakini jaribio la kwanza kubwa la kufundisha kwa picha zinazotembea lilikuwa Bantu Educational Kinema Experiment, lililoendeshwa kati ya mwaka 1935 na 1937 likiwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Jaribio hilo lilitokana na International Missionary Council chini ya J. Merle Davis, likagharamiwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation, na wasimamizi wake wakawa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, ambaye awali alikuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Northern Rhodesia. Walitengeneza filamu 35 kuhusu minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, ngozi, chai, kodi na benki ya akiba ya posta, kisha wakazipakia katika lori pamoja na projekta na jenereta na kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Northern Rhodesia. Filamu zao hazikuwa na sauti ndani yake, na maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa za eneo hilo, ili watazamaji wa kila mahali wasikie maneno wanayoyaelewa. Katika miaka ambayo shule nyingi hazikuwa na hata ramani ukutani, kufikiria lugha ya mtazamaji namna hiyo lilikuwa jambo kubwa, nalo linastahili kukumbukwa hata na wale wanaoukataa ukoloni uliolizaa.

Kilichokosekana ni swali la mtazamaji. Filamu nyingi za Vugiri zilijengwa juu ya mfano wa watu wawili, mmoja akifuata ushauri wa serikali na kufanikiwa, mwingine akiupuuza na kuangamia, kwa hiyo mtazamaji alibakishiwa kazi moja tu ya kukubali. William Sellers, aliyeanza kuonyesha filamu za afya nchini Nigeria na baadaye kuongoza Colonial Film Unit iliyoundwa mwaka 1939, aliendeleza nadharia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu yenye mikato ya haraka au picha zilizokuzwa, na kisa kilichorudiwa sana katika maandishi ya wakati huo ni kile cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa kama nyumba kwenye turubai, wakasema kwamba kwao hakuna mbu wa ukubwa huo. Kisa hicho kilitolewa kama ushahidi wa upungufu wa akili ya mtazamaji, ingawa kwa mwalimu yeyote makini kinaonyesha kinyume chake, kwa sababu watu walioangalia picha na kuuliza kipimo chake walikuwa wakifanya jambo la kwanza ambalo mchoro wowote wa kisayansi hudai lifanywe. Laiti waonyeshaji wangelijibu swali hilo kwa lenzi na mbu halisi, badala ya kulicheka, somo la hesabu, la baiolojia na la afya lingekamilika papo hapo.

Wakati huohuo, Kitale ilikuwa na njia nyingine ya kuyatazama maumbile, iliyoanza kama shauku ya mtu mmoja. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, ndege, mimea na vyombo vya kale kwa muda mrefu wa maisha yake, alianzisha jumba la makumbusho la binafsi mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 mkusanyo huo uliachwa kwa taifa pamoja na fedha za kuujengea nyumba. Jengo jipya lilifunguliwa Kitale mwaka 1974 kama makumbusho ya Kenya Magharibi, la kwanza miongoni mwa makumbusho ya mikoani katika sehemu za bara. Makabati ya vipepeo waliochomwa pini, kila mmoja na kibandiko chenye jina, mahali na tarehe, yalikuwa aina ya infografiki kabla ya neno hilo kujulikana, kwa kuwa mwanafunzi aliyesimama mbele yake aliweza kusoma kwa jicho moja tofauti za spishi, mtawanyiko wake na majira ya kuonekana kwake. Zaidi ya hayo, makumbusho hayo yalikuwa na sehemu ya msitu wa asili iliyotengenezewa njia ya kupita kwa miguu, pamoja na nyumba za kienyeji zilizojengwa kuonyesha maisha ya jamii za eneo hilo, hivi kwamba darasa lililokuja kutoka Kimilili, umbali ambao basi la shule hulimudu kwenda na kurudi kwa siku moja, liliweza kuona mdudu kabatini, kisha mti anaoishi, kisha nyumba iliyojengwa kwa mti huo. Mwaka uleule wa 1974 kinamasi cha Saiwa, kaskazini mwa Kitale, kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya nzohe, swala wa majini ambaye Waingereza humwita sitatunga, nacho kikawa hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini na mojawapo ya chache ambazo mtoto huzitembelea kwa miguu yake.

Uhuru ulibadilisha walioshika projekta, ingawa haukubadilisha mara moja namna ya kuitumia. Magari ya sinema ya Wizara ya Habari yaliendelea kuzunguka mashambani, yakionyesha filamu za kilimo, uzazi wa mpango na sherehe za taifa kwenye viwanja vya shule na masoko, huku idara ya vipindi vya shule ikitumia redio ya Sauti ya Kenya kuwafikia walimu wasio na vitabu. Mabadiliko ya kina zaidi yaliletwa na African Primary Science Program, mpango ulioanza katikati ya miaka ya 1960 ukizishirikisha nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, ambao ulisisitiza kwamba mtoto ajifunze sayansi kwa kushika vitu vya karibu naye, kama vile mchanga, mbegu na wadudu, na kwamba mwalimu aache jibu lichelewe hadi mtoto alitafute. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wao waliunda Wildlife Clubs of Kenya, chama cha kwanza cha namna yake barani, ambacho kilieneza vilabu katika shule za nchi nzima, kikachapisha jarida la Komba na kutuma magari yenye filamu za wanyama katika shule zisizokuwa na umeme. Mtoto wa shamba la mahindi la Kimilili, ambaye huenda alimjua nyani na ngedere kama wezi wa mazao tu, alimwona simba kwa mara ya kwanza kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, jambo linaloeleza kwa nini kizazi kizima cha magharibi mwa Kenya kiliifahamu mbuga ya Serengeti kuliko msitu uliokuwa juu ya vichwa vyao.

Hapo ndipo filamu ya wanyamapori ilipoonyesha udhaifu wake mkubwa. Kazi ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu ya makala mwaka 1960, pamoja na filamu za Alan na Joan Root zilizopigwa Kenya, zikiwemo ile ya chemchemi ya Mzima na ile ya vichuguu vya mchwa ya mwaka 1978, zilifikia ufundi ambao walimu wa sayansi hawakuwa na kifaa cha kulinganisha nao. Ile ya vichuguu hasa ingefaa kila darasa, maana kichuguu kipo nyuma ya kila shule ya Bungoma, kaunti ambayo Kimilili imo, nao kumbikumbi ni chakula kinachongojewa kwa hamu mvua zinapoanza. Lakini filamu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya sebule za Ulaya na Marekani, na zile za mbugani zilikuwa na mazoea ya kuwaondoa watu kwenye picha, kana kwamba mbuga hazikuwahi kuwa malisho ya mtu yeyote. Darasani, ukimya huo ulitenganisha kile ambacho mtaala ulitaka kukiunganisha, kwa sababu baiolojia ilibaki ndani ya turubai, na historia na jiografia ya watu zikabaki nje.

Chati ilifuata njia tofauti, na inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa. Huko Vienna, kuanzia mwaka 1925, Otto Neurath na wenzake waliunda mfumo uliokuja kuitwa Isotype, ambao huwakilisha wingi kwa kurudia alama moja ndogo badala ya kuikuza, ili mtazamaji ahesabu badala ya kukisia. Na katika miaka ya 1950 Marie Neurath aliupeleka mfumo huo Afrika Magharibi, akatengeneza vijitabu vya elimu ya umma kwa ajili ya serikali ya Nigeria ya Magharibi baada ya kuwasikiliza wenyeji kuhusu alama na rangi wanazozitambua. Katika shule za msingi za Kenya hapakuwa na ofisi ya wachoraji wa namna hiyo, na kazi hiyo iliangukia mikono ya mwalimu, aliyechora kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila, na manila ilipokosekana au kuliwa na mchwa, alipaka rangi kwenye gunia lililofunguliwa na kunyooshwa. Mzunguko wa maji, mlolongo wa chakula, sehemu za ua, kalenda ya mvua na kupanda, vyote vilitundikwa hivyo, na walimu wa elimu ya awali hadi leo huziita kuta za aina hiyo kuta zinazozungumza. Chati ya gunia ilikuwa na makosa ya vipimo na rangi zake zilififia, lakini ilichorwa na mtu aliyejua mto Kuywa unatokea wapi na mahindi ya Kimilili huvunwa mwezi gani, nayo ilibaki ukutani muhula mzima ikisubiri kuulizwa, jambo ambalo filamu ya dakika 30 haikuweza kulifanya.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulijaribu kuunganisha jiografia, historia na uraia katika somo moja la shule za msingi lililojulikana kwa herufi GHC, lakini muungano huo ulikuwa wa jalada la kitabu na karatasi ya mtihani zaidi kuliko wa fikra, na kadiri shule zilivyopangwa kwa alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ndivyo ukuta ulivyojaa majibu ya kukaririwa.

Mfano ulio bora zaidi wa somo mtambuka ambalo eneo hili lingeweza kulitoa kwa ulimwengu umo ndani ya Mlima Elgon wenyewe. Mlima huo, ambao Wabukusu huuita Masaba, ni volkano iliyozimika, iliyoanza kujengeka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na katika upande wake wa Kenya, ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968, yamo mapango ya Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Pango la Kitum huingia mlimani kiasi cha mita 200, na ndovu huingia humo usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, ili kuchokonoa kuta kwa pembe na kula mawe yenye chumvi. Sababu ya jambo hilo inahitaji masomo matatu kuieleza, maana mvua nyingi za mlimani huosha sodiamu kutoka kwenye udongo, ambayo ni habari ya jiografia. Mimea inayoota kwenye udongo huo huwa na sodiamu kidogo mno kwa mnyama mkubwa, ambayo ni baiolojia. Na chumvi ambazo haziwezi kudumu juu ya ardhi hubaki ndani ya mwamba wa majivu ya volkano, ambayo ni kemia. Mtafiti Ian Redmond alianza kuwachunguza ndovu hao katika miaka ya 1980, wakati ujangili ulipokuwa ukiwapunguza vibaya, na mwaka 2002 mfululizo wa BBC uitwao The Life of Mammals, ukiongozwa na David Attenborough, uliwaonyesha wakiwa ndani ya pango kwa kamera zinazotumia miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu wala ya ndovu.

Filamu hiyo ni hazina zaidi kwa mwalimu wa Kimilili kuliko kwa mwalimu wa London, ila ni nusu ya somo. Mvumbuzi Joseph Thomson alipofika Elgon mwaka 1883 aliyakuta mapango ya upande wa kusini yakikaliwa na watu pamoja na ng'ombe na maghala yao, na kwa kuwa hakuweza kuamini kwamba asili, mnyama au Mwafrika angeweza kuchimba mashimo makubwa kiasi hicho, alikisia kwamba yalikuwa kazi ya taifa la kale lililostaarabika, akiwataja Wamisri. Jamii za mlimani zilijua siku zote kwamba mwamba huo una chumvi, kwa sababu mifugo yao iliulamba na wao wenyewe waliusaga kwa ajili ya wanyama wao. Mwalimu anayeonyesha ndovu wa mwaka 2002 kisha akasoma habari ya Thomson ya mwaka 1883, akamalizia kwa kuuliza wazee wa mlimani walipata wapi chumvi ya ng'ombe, huwa amefundisha sayansi, historia na uchunguzi wa ushahidi kwa pango moja, naye humwonyesha mwanafunzi kwamba kosa la msomi mgeni na ujuzi wa mfugaji vinaweza kupimwa kwa kipimo kilekile. Chati inayofaa kuandamana na somo hilo ni mkato wa mlima uliochorwa na wanafunzi wenyewe, ukionyesha mvua juu, udongo uliooshwa chini yake, pango na tabaka la chumvi, na mito inayoshuka kuelekea Nzoia na Ziwa Victoria, ili ionekane kwamba maji yaliyomnyima ndovu chumvi ndiyo hayohayo yanayonywesha mahindi ya Bungoma.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umelirudisha wazo hili kwa jina rasmi la masuala mtambuka na kwa somo la shughuli za mazingira katika madarasa ya chini, wakati ambapo vifaa vimebadilika kabisa. Tableti za mpango wa kidijitali zilitengenezwa kwa ushirikiano uliohusisha Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT). Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, iliyochukua nafasi ya Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE) mwaka 2013, hurusha vipindi kupitia idhaa yake ya televisheni ya elimu, iliyotegemewa sana shule zilipofungwa Machi 2020. Na Wakenya wenyewe wameanza kushika kamera, kama inavyoonekana katika Wildlife Warriors ya Paula Kahumbu, iliyoonyeshwa kwenye runinga ya Citizen kuanzia mwaka 2019, na Team Sayari ya mwaka 2023 iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Katika kazi hizo mtafiti Mwafrika huonekana akiuliza na kupima, na hilo ni badiliko la msingi kutoka kwa mwanakijiji wa filamu za Vugiri ambaye kazi yake ilikuwa kutii.

Lililobaki nyuma ni lugha. Mtaala unaelekeza kwamba mtoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, ambayo katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Kimilili mara nyingi ni Lubukusu na mjini ni Kiswahili, ilhali filamu nyingi za kimataifa za wanyamapori zinazofika shuleni huzungumza Kiingereza tu, na infografiki zinazopakuliwa kwenye intaneti huwa na maandishi ya Kiingereza na mifano ya dubu na misonobari. Waendeshaji wa lori la mwaka 1935, pamoja na dharau yote iliyokuwa katika filamu zao, walibeba sahani za santuri za lugha kadhaa. Shule ya leo yenye projekta ndogo inayotoshea mfukoni haina chochote cha kulinganisha na sahani hizo, isipokuwa mwalimu mwenyewe, ambaye anaweza kuzima sauti, kuisimamisha picha pale ndovu anapogusa ukuta wa Kitum, na kuieleza kwa maneno ambayo darasa lake linaweza kuyajibu. Kazi hiyo haijawekewa muda katika ratiba wala haijahesabiwa katika mafunzo ya ualimu kama ustadi unaojitegemea, ingawa ndiyo inayoamua iwapo filamu itakuwa somo au burudani ya Ijumaa alasiri.